Majina ya Kata za Tunduma na Historia ya Mji wa Mpakani

Ikisiri

Makala hii inachunguza majina ya kata 15 za Halmashauri ya Mji wa Tunduma, mkoani Songwe, kama ushahidi wa historia ya mji uliokua kwa kasi mpakani mwa Tanzania na Zambia. Majina hayo yameainishwa kwa kigezo cha umbo na kigezo cha maana, kisha yakahusishwa na matukio makuu ya eneo hilo: uchoraji wa mpaka wa kikoloni, ujenzi wa barabara kuu, bomba la mafuta na reli ya TAZARA, na mabadiliko ya kiutawala ya karne hii. Inajengwa hoja kwamba majina hayo yamekaa katika matabaka. Tabaka la chini ni la lugha za wenyeji na linataja ardhi. Tabaka la juu ni la Kiswahili na linataja kazi, mwendo na taifa. Inaoneshwa pia kwamba kukosekana kwa majina ya kibaguzi ya mji wa kikoloni, kama vile Uzunguni na Uhindini, ni ushahidi wa kihistoria kama yalivyo majina yaliyopo. Mwisho, makala inajadili athari za kuandika majina ya mitaa kwenye vibao vya anwani za makazi, na inapendekeza kwamba majina yasiyo rasmi yarekodiwe kabla hayajasahauliwa.

1.0 Utangulizi

Tunduma ni mji wa Tanzania unaogusana na mji wa Nakonde wa Zambia. Mahali hapo mpaka haufuati mto mkubwa wala safu ya milima. Ni mstari uliopimwa na kuwekewa vigingi, na nyumba za pande mbili zinatazamana. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012, wakazi wa mji huu walikuwa chini kidogo ya 100,000. Katika sensa ya mwaka 2022 walizidi 200,000. Miji michache nchini imeongezeka mara mbili katika muda wa miaka 10, na ni michache zaidi iliyofanya hivyo bila kuwa makao makuu ya mkoa. Makao makuu ya Mkoa wa Songwe yapo Vwawa, wilayani Mbozi.

Mji unaokua kwa kasi ya namna hii huandikwa zaidi katika taarifa za forodha kuliko katika vitabu vya historia. Anayeutafuta katika maandishi hukuta tani za shaba, idadi ya malori na makusanyo ya kodi. Hakuti kwa urahisi watu waliofika, walikojenga na namna walivyopaita mahali walipojenga. Kumbukumbu za kiutawala nazo zimetawanyika, kwa kuwa mji huu umebadili wazazi zaidi ya mara moja. Ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbozi katika Mkoa wa Mbeya. Mwaka 2012 Wilaya ya Momba ilimegwa kutoka Mbozi. Tunduma ikapata halmashauri yake ya mji. Na mwaka 2016 eneo lote likawa Mkoa wa Songwe. Katika mabadiliko hayo yote kuna kumbukumbu moja ambayo haikuhamishwa pamoja na majalada, nayo ni majina ya mahali.

Uchunguzi wa majina ya mahali katika Kiswahili umeegemea sana mwambao na miji mikubwa. Ng'ambo ya Zanzibar, mitaa ya Mombasa na Lamu, na Kariakoo ya Dar es Salaam, ambayo jina lake linatokana na kikosi cha wapagazi cha Vita Kuu ya Kwanza, ni mifano inayofahamika. Miji ya mpakani ya bara haijapewa uzito unaostahili, ingawa ndiko Kiswahili kinakofanya kazi ngumu zaidi ya kupatanisha wasemaji wa lugha nyingi kwa wakati mmoja.

Katika uchambuzi unaofuata, tofauti inawekwa kati ya maana ya jina na tukio la kutoa jina. Maana ya jina husomwa katika umbo lake: mzizi, viambishi na ngeli. Tukio la kutoa jina ni jambo la mapokeo na nyaraka. Hadithi zinazosimuliwa kueleza asili ya majina mara nyingi hutungwa baada ya jina, ili kuliridhisha sikio. Kwa sababu hiyo, uchambuzi huu unaanzia kwenye umbo, na unaishia pale umbo linapoishia.

2.0 Mpaka kabla ya mji

Mstari unaotenganisha Tunduma na Nakonde ulichorwa Ulaya kabla mji wowote kati ya hiyo miwili haujawapo. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, maarufu kwa kuhusisha Zanzibar na kisiwa cha Heligoland, ulieleza pia mpaka wa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Waingereza walitaka njia ya Stevenson ibaki upande wao. Njia hiyo, iliyopewa jina la James Stevenson wa kampuni ya maziwa makuu, ilianzishwa mwaka 1881 ili kuunganisha Karonga na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1898 tume ya nchi hizo mbili ilipita eneo hilo ikipima na kuweka alama. Hivyo tangu mwanzo mpaka huu ulihusu njia, na mji uliozaliwa juu yake umebaki kuwa mji wa njia.

Mstari huo ulipita katikati ya watu. Wanyamwanga walijikuta wako pande mbili, na ndugu zao kilugha vivyo hivyo. Katika uainishaji wa Guthrie, lugha za eneo hili zimo katika kundi la M20: Kiwanda, Kinyamwanga, Kinyiha, Kimalila na Kisafwa, pamoja na Kiiwa na Kitambo ambazo zinazungumzwa upande wa Zambia. Kwa hiyo mpaka wa dola haukuwa mpaka wa lugha, lakini umeacha alama hata katika jina la lugha yenyewe. Upande wa Tanzania wengi husema Kinyamwanga, kwa kiambishi cha Kiswahili. Upande wa Zambia husemwa Chinamwanga. Lugha ni moja, bali kila upande umeivika vazi la lugha kubwa iliyo jirani nayo.

Upande huo wa Zambia kulikuwa na misheni ya Mwenzo ya Wamisionari wa Uskoti, iliyofunguliwa miaka ya 1890. Hapo ndipo Donald Siwale na wenzake walipoasisi mwaka 1912 chama cha ustawi cha Mwenzo, ambacho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake katika Rhodesia ya Kaskazini, kikafufuliwa mwaka 1923. Miongoni mwa wenzake alikuwamo David Kaunda, baba wa Kenneth Kaunda. Jirani na hapo kulikuwa na kituo cha Waingereza cha Fife, ambacho jeshi la Lettow-Vorbeck lilikishambulia mwanzoni mwa Novemba 1918, wiki chache kabla ya kusalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba. Ni muhimu kukumbuka mambo haya kwa sababu historia ya Tunduma huelezwa kana kwamba ilianza na lori la kwanza. Kabla ya lori kulikuwa na vijiji, misheni, wapagazi na siasa, na kulikuwa na majina.

3.0 Barabara, bomba na reli

Kilichogeuza vijiji vya mpakani kuwa mji ni mgogoro uliotokea kusini zaidi. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia. Zambia, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu kama taifa huru, ilitegemea njia za kusini kwa mafuta yake na kwa kusafirisha shaba. Njia hizo zilipokuwa mashakani, mizigo iligeuzwa kuelekea Dar es Salaam. Malori yalibeba mafuta kwenda Zambia na kurudi na shaba, kwenye barabara ya udongo ambayo madereva waliiogopa kwa tope na miteremko yake. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa takriban kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara kuu ilikuwa imetiwa lami. Mpaka wa Zambia na Rhodesia ulipofungwa Januari 1973, mzigo wa njia ya kaskazini uliongezeka tena.

Reli ndiyo iliyokamilisha mabadiliko hayo. Makubaliano ya kuijenga yalitiwa saini Beijing mwaka 1967, kazi ikazinduliwa mwaka 1970, na mwaka 1976 reli yote ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa rasmi. Kati ya kilomita hizo, 975 ziko Tanzania na 885 ziko Zambia. Tunduma ndiyo stesheni ya mwisho upande wa Tanzania. Mojawapo ya treni za abiria ilipewa jina la Mukuba, ambalo kwa Kibemba ni shaba, na nyingine Kilimanjaro. Hata majina ya treni yaligawanywa kwa usawa kati ya washirika wawili.

Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hii, anaonesha kwamba faida yake kubwa kwa watu wa kawaida haikuwa ile iliyopangwa na serikali. Treni ya kawaida, inayosimama kila stesheni, iligeuka chombo cha wafanyabiashara wadogo waliopakia mpunga, ndizi, maharage na kuku. Hoja hiyo inaihusu Tunduma moja kwa moja. Barabara na reli zilijengwa ili mizigo ipite. Mji ulijengwa na wale waliokuta kwamba panapopita mizigo mtu anaweza kusimama na kuuza. Watu hao walitoka Mbozi, Ileje, Rungwe, Mbeya, Rukwa, Iringa na mbali zaidi, na walihitaji majina ya kuelekezana.

4.0 Matabaka ya majina

Kata 15 za Halmashauri ya Mji wa Tunduma ni Chapwa, Chipaka, Chiwezi, Kaloleni, Katete, Majengo, Makambini, Maporomoko, Mpande, Mpemba, Muungano, Mwakakati, Sogea, Tunduma na Uwanjani. Orodha hii fupi inagawanyika kwa urahisi.

4.1 Tabaka la ardhi

Kundi la kwanza ni la majina yenye sura ya lugha za wenyeji. Chipaka na Chiwezi yanaanza na chi-, kiambishi cha ngeli ya 7 katika lugha za M20, ambacho Kiswahili sanifu hukitamka ki-. Katete linaanza na ka-, kiambishi cha udogo cha ngeli ya 12, ambacho Kiswahili sanifu kimekiacha na kukitumia ki- badala yake, lakini ambacho kiko hai katika lugha za eneo hili. Jina hilohilo la Katete linapatikana pia mashariki ya Zambia, jambo linaloonesha kwamba Tunduma imo katika ukanda wa majina unaoelekea kusini na magharibi kama inavyoelekea pwani. Chapwa, Mpande na Mpemba nayo hayasomeki kwa Kiswahili. Mpemba ni mfano wa namna sikio linavyoweza kudanganywa: mgeni kutoka pwani husikia mtu wa Pemba, mwenyeji husikia kijiji na stesheni ya njiani kabla ya kufika mpakani.

Kata nyingi za tabaka hili ni zile ambazo mji umezifikia baadaye, kwa kutanuka kuelekea vijijini. Mji ulipofika, uliyakuta majina na kuyachukua pamoja na ardhi. Kijiji kiligeuka kata, shamba likageuka kiwanja, lakini jina halikubadilika. Hapo ndipo Kinyamwanga na Kinyiha vinapobaki katika maandishi rasmi ya mji ambao shughuli zake karibu zote zinafanyika kwa Kiswahili.

4.2 Tabaka la ujenzi na mwendo

Kundi la pili ni la Kiswahili, na maana zake ziko wazi kwa kila msemaji. Majengo, Makambini, Uwanjani, Maporomoko na Sogea ni majina ya watu waliokuwa wanaanza.

Majengo limetokana na kitenzi -jenga. Ni jina linalopatikana katika miji mingi ya Tanzania na Kenya, na karibu kila mahali linataja makazi ya Waafrika nje ya kitovu cha utawala na biashara kubwa. Makambini limeundwa kwa kambi, kiambishi ma- cha wingi na kiambishi tamati -ni cha mahali. Jina halitaji kambi ya nani. Linataja namna ya kuishi. Kambi ni makazi ya muda, ya watu walioletwa na kazi. Katika nyanda hizi neno hilo lilipata nguvu wakati wa ujenzi wa barabara na reli, ambapo maelfu ya vibarua waliishi kambini kando ya njia. Mahali pa muda panapokuwa kata yenye diwani, historia nzima ya mji imefupishwa katika neno moja.

Uwanjani linastahili kuangaliwa kwa makini. Kiswahili kina uwanja, eneo la wazi la watu wote, na kiwanja, kipande cha ardhi cha mtu mmoja cha kujengea. Kwa wingi yote mawili huwa viwanja. Katika mji unaokua, sarufi na uchumi vinakwenda pamoja: eneo la wazi hupimwa, hukatwa na kuuzwa, hadi linabaki jina tu. Maporomoko, kutoka -poromoka, ni neno la mahali ambapo maji au udongo hushuka kwa kasi. Jina la namna hii ni maelezo ya mandhari na ni tahadhari kwa anayetaka kujenga. Mpangaji wa mji anayelipuuza amepuuza taarifa aliyopewa bure na waliotangulia.

Sogea ni tofauti na mengine kwa sababu ni kitenzi kamili katika hali ya amri. Majina ya vitenzi si mageni Tanzania. Songambele ni jina la vijiji na kata katika mikoa mbalimbali. Lakini Songambele linamhimiza mtu aelekee kwenye maendeleo, wakati Sogea linamwambia amfikirie jirani. Kitenzi hiki kina pande mbili: kusogea ni kukaribia, na pia ni kujiondoa kidogo ili kumpisha mwingine. Mwenye nafasi huwaambia wageni wasogee wakae. Anayebanwa humwambia jirani asogee. Katika mji ambao idadi ya watu imeongezeka mara mbili kwa muongo mmoja, ni vigumu kupata neno linalofaa zaidi.

4.3 Tabaka la taifa na la majina yanayosafiri

Muungano ni jina la kitaifa. Linakumbusha tarehe 26 Aprili 1964, na limo katika jamii ya majina kama Uhuru, Azimio na Mapinduzi, ambayo yanapatikana katika miji yote nchini. Mpakani jina hili lina uzito wa ziada. Mkazi wa kata hii yuko karibu sana na Nakonde na mbali sana na Zanzibar, lakini anwani yake inamkumbusha taifa ambalo yeye ni sehemu yake.

Kaloleni ni jina linalosafiri. Lipo Kilifi, Nairobi, Kisumu, Arusha na Moshi. Katika lugha za Kimijikenda mzizi -lola una maana ya kutazama, na ni mzizi wa kale wa Kibantu. Kuwapo kwa jina hili Tunduma kunaonesha kwamba majina ya mitaa ya Afrika Mashariki yana njia zake, kama yalivyo magari na reli. Watu wanaohama hubeba majina ya mahali walikoishi, na mtaa mpya hupata heshima ya mtaa wa zamani.

Mwakakati linaonesha mipaka ya uchambuzi wa umbo. Msemaji wa Kiswahili huligawa kuwa mwaka na kati. Anayezijua koo za nyanda hizi huona mwanzoni kiambishi Mwa-, ambacho ni alama ya kawaida ya majina ya koo za Wanyakyusa na majirani zao. Umbo linaruhusu usomaji wa aina zote mbili. Katika mji wa lugha nyingi, jina moja linaweza kuwa na sarufi mbili kwa wakati mmoja, kila msikilizaji akiitumia ya kwao.

4.4 Majina yasiyokuwapo

Orodha ya kata za Tunduma inafaa pia kusomwa kwa kile kinachokosekana. Miji iliyopangwa wakati wa ukoloni iligawanywa kwa rangi, na Kiswahili kikaugawa vivyo hivyo kwa kiambishi u-, jina la kundi la watu, na -ni ya mahali: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Dar es Salaam iligawanywa kanda tatu kwa kanuni za ujenzi za Wajerumani na kisha Waingereza. Mbeya, iliyoanzishwa mwaka 1927 wakati wa dhahabu ya Lupa, ina Uhindini hadi leo.

Tunduma iko takriban kilomita 100 tu kutoka Mbeya, lakini hakuna kata yake hata moja yenye jina la muundo huo. Sababu yake ni ya kihistoria. Mji huu ulikua baada ya uhuru, kwa kazi ya watu ambao tofauti zao zilikuwa za makabila na mikoa, siyo za madaraja ya rangi yaliyowekwa kisheria. Na tofauti hizo za makabila nazo hazikuingia katika majina. Hakuna kata iliyoitwa kwa Wanyiha, Wandali au Wanyakyusa. Waliofika walichagua kupaita mahali kwa kilichofanyika hapo au kilichoonekana hapo, na walifanya hivyo kwa lugha ambayo haikuwa ya kundi lolote miongoni mwao. Hiyo ndiyo kazi ambayo Kiswahili kilifanya Tunduma: kiliwapa wageni na wenyeji majina ambayo hakuna aliyeshindwa kuyatamka na hakuna aliyeweza kudai ni yake peke yake.

5.0 Maisha ya kila siku katika mji wa kusubiri

Majina yanataja mwanzo wa mji, ilhali maisha yake ya kila siku yametawaliwa na kusubiri. Malori yanayokwenda Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hupanga foleni kando ya barabara kuu, na siku za msongamano foleni hurefuka kwa kilomita kadhaa hadi nje ya mji. Dereva anayesubiri anahitaji chakula, maji ya kuoga, mahali pa kulala, salio la simu na fedha za nchi anayokwenda. Kwa sababu hiyo mji umejaa mama lishe, nyumba za kulala wageni, vibarua wa kupakia na kupakua, mawakala wa forodha, wabadilisha fedha, na vijana wa bodaboda na bajaji.

Kazi hizi zinahitaji lugha kadhaa kwa wakati mmoja. Sokoni Kiswahili ndicho lugha ya kwanza, lakini Kibemba, Kinyamwanga na Kinyiha havikosekani, na hesabu hufanywa kwa shilingi na kwacha pamoja. Mwaka 2013 Zambia ilipoondoa sufuri tatu katika kwacha, wafanyabiashara wa Tunduma walilazimika kujifunza upya bei kichwani, ingawa mabadiliko hayo hayakuwa ya serikali yao. Kuvuka kwa miguu kwenda kununua kitu Nakonde si safari. Ni kwenda dukani. Kwa watu hao mpaka unaonekana kwenye noti zaidi kuliko kwenye vigingi.

Pamoja na njia rasmi kuna njia za panya, msemo unaotumika kote nchini lakini unaofahamika zaidi katika miji ya aina hii. Msemo huo una mtazamo wa dola ndani yake: anayepita huko ni panya, mharibifu wa ghala. Kwa mkazi ambaye shamba la babu yake lilikuwa upande mmoja na kisima upande wa pili, njia hiyo ni ya kale kuliko forodha. Maana mbili za njia moja zimekaa katika mji mmoja, na mabishano mengi kati ya wakazi na maofisa yanatokana na tofauti hiyo.

Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani cha Tunduma na Nakonde. Utaratibu wake ni kwamba msafiri au mzigo hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, badala ya kusimama mara mbili. Kwa msafirishaji huo ni uokoaji wa muda. Kwa mama lishe ambaye kipato chake kilitegemea siku za kusubiri, kila saa iliyookolewa ilikuwa ya kupigiwa hesabu. Mei 2020, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya UVIKO-19, mambo yaligeuka: malori yalisimama, na mji mzima ukaona jinsi unavyotegemea mstari usiouamua wenyewe. Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa msaada wa Marekani, ilikuwa imeshaongeza mwelekeo mwingine wa biashara, yaani mahindi na mpunga wa Rukwa, na hivyo kuufanya mji uwe njia panda badala ya mwisho wa njia.

6.0 Majina kwenye vibao

Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi nchini kote. Barabara na njia zilipewa majina, nyumba zikapewa namba, na nguzo zenye vibao zikasimikwa. Manufaa yake yako wazi: huduma za dharura, posta, biashara na sensa yenyewe vinahitaji anwani. Lakini katika historia ya majina huo ulikuwa wakati wa maamuzi. Hadi hapo majina ya vichochoro na njia yaliishi midomoni mwa watu, na njia moja iliweza kuwa na majina mawili au matatu kwa vizazi na lugha mbalimbali. Kibao kina nafasi ya jina moja tu.

Jina lililoandikwa hushinda. Kizazi kijacho kitalikuta kwenye simu, kwenye ramani na kwenye hati ya nyumba, na kitaliona kuwa ndilo la asili. Yapo mambo mawili yanayoweza kupotea. La kwanza ni majina ya lugha za wenyeji, ambayo mwandishi asiyeyajua huyasahihisha yafanane na Kiswahili: chi- hugeuzwa ki-, na maana hupotea. La pili ni majina ya mzaha na ya kazi ambayo huonekana hayana hadhi ya kuandikwa, ingawa ndiyo yenye habari nyingi zaidi za maisha ya watu wa kawaida.

Jina la mkoa wenyewe ni fundisho. Ipo mito miwili inayoitwa Songwe: mmoja unaingia Ziwa Rukwa na mwingine unaingia Ziwa Nyasa ukiwa mpaka na Malawi. Uwanja wa ndege wa Songwe uko Mkoa wa Mbeya, wala hauko Mkoa wa Songwe. Mgeni anayepotea hapo hapotezwi na uzembe wa mtu, bali na jina la kale la mto lililochukuliwa na taasisi za nyakati tofauti. Bila maelezo ya kihistoria, majina rasmi yenyewe huzaa utata ambao yalikusudiwa kuuondoa.

Kinachohitajika si kupinga anwani za makazi. Kila ofisi ya mtaa inayo nafasi ya kuweka daftari moja ambamo, pamoja na jina lililo kwenye kibao, yataandikwa majina mengine yanayotumika, lugha yake, na maelezo ya wazee wa pande zote mbili za mpaka. Shule za sekondari na vyuo vya Songwe na Mbeya vinaweza kuifanya kazi hiyo kuwa zoezi la wanafunzi wa Kiswahili na historia. Gharama yake ni ndogo. Waliofika Tunduma na treni za kwanza mwaka 1976 wakiwa vijana wa miaka 20 sasa wanakaribia au wamevuka miaka 70.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba orodha ya kata 15 inaweza kusomwa kama muhtasari wa historia ya mji. Chipaka, Chiwezi, Katete na wenzake yanatunza lugha za wale waliokuwapo mpaka ulipochorwa. Makambini, Majengo, Uwanjani na Sogea yanatunza hali ya wale waliofuata barabara na reli. Muungano na Kaloleni yanauunganisha mji na taifa na kanda. Ukosefu wa Uzunguni na Uhindini unaonesha kwamba mji huu ni mtoto wa uhuru. Kwa upande wa isimu, Tunduma inaonesha Kiswahili kikifanya kazi ya kuwapa watu wa lugha nyingi mahali pa pamoja, bila kuzifuta lugha zilizokuwapo, mradi majina yake yaandikwe kama yanavyotamkwa na wenyewe. Uchunguzi kama huu ungefaa kufanywa katika miji mingine ya mpakani, kama vile Namanga, Sirari, Kasumulu na Mutukula, ili historia ya mipaka ya Tanzania isibaki kuwa historia ya mikataba na mizigo pekee.